Fomu Isiyo na Jina

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku tawini. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Shemeji naye namtakia afya njema, ingawa najua kwamba mwezi huu neno afya limekuwa tusi nyumbani kwenu. Mimi sijambo. Ofisi ya huku ina vyumba viwili, dirisha moja lisilofunga, na karani ambaye kila ukimuuliza jambo anakuuliza nani kasema. Kazi ni nyepesi, chakula nakipata, na usiku nalala vizuri. Ukifika mwisho wa barua utaona kwamba hilo la kulala si la kujisifia.

Barua yako niliipata Jumanne mchana. Umeniuliza mambo matatu: nani alimtaja mumeo kwa uongozi, kama ni mpiga picha, na kama nitakuja Alhamisi ijayo kwenye kikao cha rufaa, ambacho ndicho nafasi yake ya mwisho ya kurudi kazini. Umeniomba nichunguze, kwa kuwa eti hiyo ndiyo kazi yangu na hakuna kinachonipita. Nimechunguza. Haikunichukua muda. Najua kwamba habari huanza na jambo kuu, lakini hili la leo nimeliweka mwisho kwa makusudi, nataka ulifikie ukiwa umeshayaona yaliyotangulia. Ningeweza kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa.

Nianze na mambo ambayo shemeji hakukwambia, maana mumeo ni mtu wa funika kombe. Miezi minane iliyopita gazeti letu lilipunguza watu kumi na wanne kwa asubuhi moja. Waliitwa mmoja mmoja kwa kufuata alfabeti, kwa hiyo wenye majina ya mwisho walikaa mpaka saa saba wakisikiliza mlango ukifunguliwa na kufungwa. Tuliobaki tulipewa kazi zetu na za walioondoka. Mwandishi wa mahakama akabebeshwa na michezo. Mpanga kurasa, aliyekuwa na wenzake wawili, akabaki peke yake na kurasa thelathini na mbili. Wasahihishaji prufu walikuwa wanne. Akabaki shemeji.

Mwezi wa tatu baada ya hapo mpanga kurasa alianguka. Alikuwa anainuka kwenda kunywa maji, akaenda chini pamoja na kiti, paji la uso likagonga kona ya meza. Alishonwa nyuzi saba. Kwenye daftari la ajali sababu iliandikwa kwamba ni kiti, na kiti kikabadilishwa. Lakini maneno yalipanda juu, bodi ikakaa, ikakaa tena, na hatimaye tukatangaziwa kwamba uongozi umesikia kilio chetu. Wapo waliodhani watarudishwa hata watu watatu. Tukaletewa mshauri wa msongo wa mawazo.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti, na mkataba wa wiki tatu. Jina lake alitutajia, lakini siku ya pili mpiga picha alishambatiza Bi Pumua, na hilo ndilo lililobaki, kwa sababu kila tatizo ulilompelekea alikujibu uanze kwa kupumua. Kila siku saa nne kamili asubuhi, saa ambayo mwandishi anayejua kazi yake yuko kwenye simu au yuko barabarani, tulisimamishwa katikati ya chumba cha habari, macho tumefumba, mikono tumboni, tukivuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Mpiga picha alisema kwa sauti kwamba yeye anapumua tangu azaliwe na hajawahi kukosea hata mara moja. Bi Pumua akamjibu kwamba kicheko nacho ni dawa. Simu zikalia mezani na hakuna aliyeruhusiwa kuzipokea. Nilizihesabu. Siku ya kwanza zililia mara kumi na tisa. Mojawapo ilikuwa ya mtu niliyemtafuta kwa muda mrefu, na hakupiga tena.

Tuligawiwa mipira laini ya kuminya, rangi ya chungwa, mmoja kila mtu. Wa mwandishi wa mahakama ulipasuka siku ya pili. Fundi wa mtambo aliutia wake chini ya mguu wa meza inayoyumba, na hiyo ndiyo faida pekee ya mipira ile niliyoishuhudia kwa macho yangu. Ukutani zikabandikwa karatasi za hekima. Moja ilisema kwamba msongo ni mgeni tu, usimwandalie kiti. Aliyeibandika hakutazama chini. Aliiweka juu ya kiti kipya cha mpanga kurasa.

Halafu zikaja kadi. Kijani ni ya aliye sawa, njano ya anayelemewa, nyekundu ya aliyefikiwa na maji ya shingo. Kila asubuhi unaipachika yako kwenye ubao mbele ya jina lako. Wazo, kwa maelezo ya Bi Pumua, lilikuwa kwamba mwenzako akiiona nyekundu yako atakuja akupunguzie mzigo. Meneja wa utumishi akaongeza la kwake: atakayepachika nyekundu mara mbili katika wiki ataitwa ofisini kwake wazungumze kuhusu mtazamo wake. Meneja huyu alitokea kwenye kampuni ya bima, ana tabasamu asiloliondoa hata akiwa anatafuna, na hajawahi kushika karatasi ya prufu maishani mwake. Jumatatu ubao ulikuwa na nyekundu kumi na moja. Alhamisi ulikuwa kijani mtupu, kama malisho baada ya mvua. Hata mpanga kurasa, kovu likiwa bado bichi usoni, alipachika kijani. Meneja akaupiga picha ubao ule akaipeleka kwa bodi, na bodi, nasikia, ikapiga makofi.

Mimi nilipachika kijani siku zote na sikusema uongo. Nimeripoti mafuriko, migomo na makaburi yaliyochimbwa kwa mashine kwa sababu majembe yasingetosha, na mkono wangu haukutikisika. Nilisimama pembeni ya upuuzi ule wa wiki tatu nikiudharau, na dharau, mdogo wangu, ni kitu kinachopumzisha sana. Niliwadharau bodi kwa woga wao, meneja kwa meno yake, Bi Pumua kwa mipira yake, na wenzangu kwa kufumba macho walipoambiwa wafumbe. Nami nilifumba. Lakini nilijiona kama niliyefumba kwa dhihaka.

Sasa shemeji. Wewe ni mke wa msahihishaji, huhitaji kuelezwa kwamba prufu ni ule ukurasa wa majaribio unaosomwa kabla gazeti halijaenda mtamboni, lakini huenda hujawahi kuona unavyosomwa. Wanakaa wawili. Mmoja anasoma kwa sauti kile alichoandika mwandishi, kila neno, kila nukta, majina herufi kwa herufi. Mwenzake anafuata kwenye ule ukurasa, kalamu mkononi. Ndiyo maana chumba cha prufu kiliwekwa mwisho wa korido, kidogo, mlango mzito, dirisha likitazama ukuta. Kilikuwa chumba pekee chenye kimya katika jengo zima. Na ukurasa ukishasomwa, msahihishaji anautia alama yake kwenye kona ya chini, upande wa kulia, ili kosa likitokea ijulikane ulipita mkononi mwa nani. Kila mmoja ana yake. Ya mumeo ni mstari mfupi uliopinda kama ndoana, na vitone viwili juu yake. Ameichora kwa miaka ishirini na sita. Karatasi zile hazipandi ghorofani kwa wakubwa, zikishatumika zinachanwa. Wanaoijua alama hiyo ni waliofanya kazi humo ndani na waandishi wachache wazee, wenye tabia ya kwenda kutazama habari zao zimefanywa nini.

Bi Pumua aliuliza kama ofisi ina mahali penye utulivu ambapo mtu aliyelemewa anaweza kwenda kukaa dakika kumi. Meneja akapaona palepale. Chumba cha prufu kikawa Chumba cha Utulivu. Kilitiwa zulia, mito minne, mmea wa plastiki, na kidude cha umeme kinachotoa sauti ya maji yanayotiririka. Shemeji na meza yake wakahamishiwa kwenye korido, kati ya mashine ya kunakili na mlango wa choo cha wanaume. Hapo alisoma peke yake, kwanza kwa sauti akiwa msomaji, halafu kimya akiwa mfuatiliaji, huku mashine ikikwaruza na mlango ukibamizwa. Watu waliokuja kuleta matangazo walimpisha kwa heshima wakidhani ni mtu anayesali. Dawa ya msongo wa mumeo ilikuwa mlango na mtu wa pili. Alikuwa navyo vyote. Kimoja kilipunguzwa ili gazeti lipone, na kingine kikachukuliwa ili yeye apone. Mimi nilipita mbele ya Chumba cha Utulivu mara nyingi na sikuona mtu ndani, isipokuwa siku moja, meneja, amelala, viatu amevipanga mlangoni.

Katika wiki ya pili ndipo lilipotoka lile tangazo la msiba lenye picha ya ndugu wa marehemu badala ya marehemu mwenyewe. Ndugu alikuja ofisini akiwa hai kabisa na hasira zake, akataka kuonyeshwa aliyemuua. Mapokezi wakamwelekeza kwenye korido. Shemeji alisimama akamwomba radhi, na yule mtu, alipoona meza ilipowekwa, alitazama mlango wa choo, akamtazama shemeji, akaondoka bila kumaliza alilojia. Gazeti liliomba radhi toleo lililofuata. Hakuna aliyemkaripia shemeji. Lakini tangu siku ile mkono wake wa kulia ulitetemeka kila alipochukua kalamu. Aliuficha vizuri. Waliouona tulikuwa wawili tu, mimi na mpiga picha, siku tuliposimama naye penye mtungi wa maji. Mpiga picha, ambaye hata kwenye jeneza hakosi la kutania, alimwambia kwa mkono ule asiazime kamera yake, maana watu wote watatoka mapacha. Shemeji akacheka mpaka akamwaga maji. Huo ndio utani ambao ninyi wawili mmejenga kesi nzima juu yake.

Mwisho wa wiki ya tatu zikagawiwa fomu. Bi Pumua alituomba tuandike kwa herufi kubwa zisizo za mwandiko wetu, tusitaje jina, wala kazi tunayofanya, wala tunayekaa naye. Alisema mara tatu kwamba fomu ni za siri, zitakuwa mikononi mwake peke yake, na uongozi utapata hesabu tu. Mara ya tatu alikuwa anamtazama meneja. Watu arobaini na mmoja walijaza wakazitumbukiza kwenye sanduku. Wengi, kama walivyoniambia wenyewe baadaye, waliandika kwamba hawajambo. Mpiga picha aliandika kwamba kinachomletea msongo ni kupumua.

Mmoja alijaza kila swali, hata yale yaliyoandikwa kwamba si lazima. Alieleza kwamba mkono unamtetemeka kazini. Kwamba anasoma kila kitu mara tatu, na mara ya nne anaogopa kukiangalia. Kwamba nyumbani anauweka mkono chini ya meza wakati wa kula, ili mkewe asiuone. Hakutaja jina, hakutaja kazi, alitii kila agizo kama anavyotii maagizo yote. Halafu alipofika mwisho wa ukurasa, mkono ule unaotetemeka ukafanya kile ulichofanya kwa miaka ishirini na sita kila ulipomaliza ukurasa. Ukashuka kwenye kona ya kulia ukaweka ndoana na vitone viwili. Sidhani kama alijua. Fundi wa prufu haachii karatasi bila alama, ni kama wewe usivyotoka bila kufunga mlango. Ukiulizwa kama umefunga hukumbuki, lakini umefunga.

Utajiuliza nimeionaje fomu hiyo. Subiri kidogo.

Jumatatu iliyofuata shemeji alikabidhiwa barua. Unayo, umeisoma, lakini nairudia kwa sababu neno moja ndani yake ndilo litakaloamua Alhamisi. Inasema kwamba kutokana na taarifa alizozitoa mwenyewe kuhusu hali yake, uongozi unampumzisha kwa manufaa ya afya yake kuanzia siku hiyo. Haikutaja siku ya kurudi. Ndani ya bahasha kulikuwa na kipeperushi cha namna ya kupumua. Neno ninalokuonyesha ni mwenyewe. Meneja atakiambia kikao kwamba mtu huyu alikuja kwa hiari yake akajieleza, na wao wakamhurumia. Shemeji atasema aliandika bila jina. Ataulizwa, kama hakukuwa na jina, walijuaje ni yeye. Hilo halijui. Kikao kitaisha kabla chai yao haijapoa.

Ninyi mmekaa mkatafuta jibu la swali hilo na mkampata mpiga picha. Umeniandikia hesabu yako na imenyooka: waliouona mkono ni wawili, kaka yako na mpiga picha, na kaka yako humfikirii hata kwa ndoto. Umesema anayetania jeraha la mwenzake hashindwi kuliuza. Umesema pia kwamba shemeji hamwitiki tena wakikutana, na kwamba mwenzake alimsimamisha njiani akamuuliza amekosa nini, akapitwa kama nguzo.

Si mpiga picha, mdogo wangu. Mpiga picha hajui mpaka leo kwamba kuna fomu iliyosomwa. Ni mimi.

Nakueleza ilivyokuwa. Ijumaa ya fomu, saa nane na robo mchana, meneja aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Mezani palikuwa na fomu moja, imefunikwa na kitabu. Alisema kwamba sanduku lilikaa kwake wakati wa chakula na kwamba, kwa bahati, karatasi hii ilichomoza. Alisema ameisoma na roho imemuuma, kuna mwenzetu yuko hatarini, na yeye shida yake ni kumsaidia tu, ila hajui ni nani. Akaniambia kwamba amemuuliza mshauri, na mshauri, badala ya kuisoma, alizihesabu zilizobaki akakuta arobaini, akazitia kwenye mkoba, akasema kwamba hata kama angejua asingesema, na akadai na hiyo moja arudishiwe. Meneja alilisimulia hilo kama kichekesho. Akafunua kitabu. Akasema wote ofisini wanajua kwamba hakuna karatasi katika jengo lile inayoweza kumficha mwandishi wake mbele yangu mimi.

Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, na nilikiona kuwa ni cha ukoka, na nikainamisha kichwa nivishwe. Nilisoma ukurasa mzima. Nikafika kwenye kona. Nikamwambia ni msahihishaji, nikamwonyesha ndoana, nikamweleza na maana yake, kwa sababu sikutaka adhani nimebahatisha. Yote hayakufika dakika moja.

Usinitafutie udhuru, najua utaanza. Sikutishwa. Sikuahidiwa kitu. Wala sikuamini kwamba anataka kumsaidia mtu; neno hilo nimelisikia kutoka kwa watu wengi wenye meza kubwa, na nimeandika kwa kalamu yangu mahali lilikowafikisha waliosaidiwa. Niliulizwa swali ambalo mimi nalijua jibu na wengine wote hawalijui. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta. Kama ningeisikia habari hii kwa mtu mwingine, ningemwona mtu duni kuliko wote niliokueleza humu, akiwemo aliyelala kwenye mito na viatu mlangoni.

Bi Pumua aliondoka mchana uleule bila kuaga. Tulipouliza yuko wapi, mtu mmoja alisema ameishiwa pumzi, na chumba kizima kikacheka. Mtu huyo alikuwa mimi. Mwanamke niliyemcheka wiki tatu aliulizwa swali lilelile akafunga mkoba wake. Sijabadili maoni yangu kuhusu mipira na kadi. Ni upuuzi, mafuta ya kupakwa kwa mgongo wa chupa. Ila katika jengo lile alikuwepo mtu mmoja aliyejua siri ni nini, na hakuwa mwandishi wa habari.

Barua ya kunileta huku tawini ilitoka siku nne baadaye. Uhamisho huu nilikuwa nimeuomba tangu mwaka juzi. Sijui kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Ninachojua ni kwamba sikuuliza, na mimi ni mtu wa kuuliza.

Kabla sijasafiri nilipita kwenu kuaga, unakumbuka, Jumapili mchana. Wewe ulikuwa jikoni. Shemeji alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, taratibu, bila kumwaga, akaniambia kwamba angalau pale kazini ana ndugu mmoja wa kumtetea. Nikamwambia ndiyo. Nikanywa chai nikaimaliza, nikaomba na kikombe cha pili. Hiyo ndiyo sababu nimekuandikia kwamba nalala vizuri. Nilikuwa nimesema uongo mbele ya mtu niliyemuumiza na mwili wangu haukuona taabu yoyote. Barua yako ilipofika na jina la mpiga picha ndani, niliisoma mara mbili, na jambo la kwanza lililonijia, nakwambia kama lilivyokuja, ni kwamba ningeweza kukuacha uamini hivyo. Nilikaa na wazo hilo mpaka jioni. Halafu nikachukua karatasi.

Humu kwenye bahasha utakuta karatasi nyingine tatu. Ni maelezo yangu kwa kikao, yenye tarehe, saa, chumba, maneno aliyoyasema meneja na niliyoyasema mimi. Nimeandika kwamba fomu ilitolewa kwenye sanduku la siri kinyume cha ahadi tuliyopewa wote, na kwamba shemeji hakujitaja, nilimtaja mimi. Nimeandika pia habari za chumba na meza, ili kama watamrudisha, wasimrudishe korido. Nimetia sahihi kila ukurasa. Nakala moja nimempelekea mwenyekiti wa kikao kwa njia yangu, kwa hiyo usiwaze kwamba ukichana hizi utakuwa umenisitiri. Baada ya Alhamisi nadhani gazeti litanipumzisha nami kwa manufaa ya afya yangu. Usilihesabu hilo kuwa malipo. Nimebakiza miaka miwili ya kazi. Yeye amebakiza kumi na watoto watatu shuleni.

Nitakuja. Kikao ni saa tatu, nitakuwepo saa mbili na nusu. Nyumbani kwenu sitafikia mpaka uniite, na usiponiita nitajua. Kama utamsomea shemeji barua hii au utampa aisome mwenyewe, amua wewe. Akiisoma mwenyewe atakuta makosa, na atayasahihisha, na huenda ikamsaidia.

Kabla ya lolote nenda kwa mke wa mpiga picha. Umeniandikia kwamba ulimrudishia masufuria yake kwa kuyaweka mlangoni bila kubisha hodi. Safari hii bisha. Mwambie kosa lilikuwa la kwetu, na kama atauliza la nani, mtajie. Mumewe akifanya utani juu yangu, mwache aumalize.

Watoto wasalimie, waambie mjomba yuko salama. Yule mkubwa akiuliza zaidi mjibu ukweli, ameshafikia umri wa kusikia. Majirani wote wanaoniulizia wasalimie pia, mmoja mmoja kwa nafasi yake. Shemeji peke yake usimpe salamu zangu. Hizo nitazileta mwenyewe Alhamisi, nimpe mbele ya watu, azipokee au azikatae.

Ni mimi,
Kaka yako